Nusu ya Jibu la Nzioka

Siku mliyoniaga, baada ya chapati na soda, mmoja wenu aliniomba niandike kidogo kuhusu kazi ya ukarani wa mahakama, ili mnaobaki mpate cha kusoma. Nilidhani nitaandika kurasa mbili za mawaidha na kupumzika. Nimekaa na karatasi hizi wiki tatu sasa, na kila nikianza mawaidha najikuta nimerudi kwa mtu mmoja anayeitwa Nzioka. Nitafika kwake. Lakini nianze mwanzo, kwa sababu mtu haharibikiwi kazini kwa siku moja.

Sitataja mahakama nilizozitumikia. Moja ilikuwa upande wa Kitui na nyingine upande wa Makueni, hiyo inatosha. Majina ya watu nimeyabadilisha yote, isipokuwa langu, Kavutha, maana hilo sina haki ya kulificha.

Nilipoanza kule Kitui nilikabidhiwa kwa karani mkongwe, Mzee Munyoki, mtu mwembamba aliyevaa sweta hata mwezi wa Februari. Nilikuwa nimejitayarisha kwa maswali ya sheria. Yeye akanipa sindano kubwa na uzi wa kushonea faili. "Jifunze kwanza kushona," akasema. "Karatasi ikidondoka kutoka kwenye faili, kuna mtu amefungwa au amefunguliwa bila sababu." Nilishona wiki mbili nzima. Vidole vilijaa matundu, na mpaka leo nikiona faili iliyofungwa ovyo mkono unaniwasha.

Wiki ya tatu akanifundisha kutafsiri. Kwa ambao hamjafika huko: karani husimama chini ya meza ya hakimu, akamsomea mshtakiwa mashtaka kwa lugha anayoielewa, kisha akampelekea hakimu jibu lake. Kwetu wengi huchagua Kikamba. Mahakimu huletwa kutoka mbali, na ni jambo zuri, maana hakimu asiye na binamu kijijini hasumbuliwi na simu. Ila mambo yote anayosikia yanapita kwenye mdomo wako.

Jioni, watu wakishaondoka, Mzee Munyoki alikuwa akisimama kizimbani na kujifanya mshtakiwa. Alilia, alinung'unika, alipayuka, nami nilipaswa kuyasema vilevile kwa Kiswahili. Siku moja akamtukana hakimu tusi zito la mama, nami nikatafsiri, "Anasema hajaridhika."

"Nimesema hivyo?" akaniuliza.

"Mzee, siwezi kumwambia hakimu maneno kama hayo."

"Basi hakuna aliyetukana, na hakimu hajui yuko mbele ya mtu wa aina gani. Sema."

Nikasema, huku nimefumba macho. Akaniambia nirudie nikiwa nimefumbua.

Kesi za barabarani zilikuwa nyingi Jumatatu, na kati ya hizo, za walevi ndizo zilizoongoza. Kifaa cha kupuliza, ambacho kila mtu anakiita alkoblo, kilituletea walimu, wachungaji wa ng'ombe walioazima pikipiki, na mara moja bwana harusi aliyekuwa bado na ua mfukoni. Wote walikuwa wamekunywa chupa mbili. Katika miaka yangu yote kazini sijakutana na mlevi aliyekunywa tatu. Nilikuwa natafsiri "chupa mbili" kabla hawajafungua mdomo.

Jambo moja nataka mlishike hapa. Mshtakiwa akisema "ni kweli", ameshakiri, na dakika kumi baadaye anaweza kuwa njiani kwenda jela. Akisema "ni kweli, lakini", hajakiri. Hiyo "lakini" inabadilisha kila kitu. Hakimu anapaswa kusimama hapo, amuulize lakini nini, na mara nyingi aandike kwamba amekana, kesi isikilizwe. Mzee Munyoki alinikaririshia hilo mpaka nikaliota. Kwa hiyo yaliyotokea baadaye siwezi kusema sikufundishwa.

Nzioka aliletwa Jumatatu moja asubuhi. Alikuwa dereva wa kanta, lori dogo la mfanyabiashara wa ndengu, mzaliwa wa Matinyani, mtu wa miaka thelathini na kitu, mabega mapana, shati limechanika begani. Siku iliyotangulia alikuwa ametoka upande wa Makueni akirudi Kitui, amekunywa. Kabla hajafika daraja la Athi aligonga punda wawili waliobeba mitungi ya maji. Mmoja alikufa palepale. Nzioka hakusimama. Alivuka daraja, akaingia upande wa Kitui, na kizuizi cha kwanza cha polisi kikampata. Alipopuliza, hata askari walirudi nyuma.

Alikiri bila kuzunguka. Alipoulizwa kama ana la kusema, alisema, "Nilikunywa. Wale punda walikuwa wa mtu maskini kama mimi. Sina la kujitetea." Hakusema chupa mbili. Nilimwangalia vizuri kwa sababu hiyo.

Hakimu, mama mmoja mpole lakini si laini, alimpa faini au kifungo cha miezi sita, na akamnyang'anya leseni kwa mwaka mzima. Mwenye kanta hakutokea. Nzioka akapelekwa jela. Mke wake, Ndinda, alikuja dirishani kwangu akiwa na kanga ya mtoto begani ingawa hakuwa na mtoto mkononi, akaniuliza atampelekea wapi nguo. Nilimwandikia kwenye karatasi jina la jela na siku za kutembelea. Alinishukuru mara tatu. Ndiyo maana nilimkumbuka.

Miezi michache baadaye nilihamishwa upande wa Makueni. Nilipewa meza karibu na dirisha na hakimu mpya, bwana mmoja kutoka magharibi mwa nchi, mchapakazi, mwenye haraka kama mtu aliyeacha maziwa motoni. Hakujua neno la Kikamba na hakujifanya anajua. Mwendesha mashtaka naye alikuwa mgeni. Ndani ya chumba kile, kati ya wenye kazi, mimi ndiye niliyekuwa masikio.

Alhamisi moja aliletwa bibi kizee aliyeshtakiwa kwa kukata mti usio wake. Niliona wazi hajaelewa anachoulizwa, nikamweleza hakimu hivyo. Akaweka kalamu chini. "Karani, mawakili wapo na wanalipwa. Wewe tafsiri tu." Watu wakacheka kidogo. Nilikaa chini nikiwa nimeiva uso, na nilienda nyumbani na maneno yale. Nilikuwa mtu mzima, mzee wa kanisa, nimetumikia mahakimu wengi, na kijana huyu alinifanya nichekwe mbele ya watu. Nikaapa moyoni kwamba kuanzia kesho nitatafsiri tu.

Kesho yake, Ijumaa, nikaona jina la Nzioka kwenye orodha.

Sikumtambua kwa jina. Nilimtambua alipopanda kizimbani. Alikuwa amepungua, amenyoa, shati safi la mikono mirefu limefungwa mpaka kifungo cha shingo, vile wanavyovaa watu waliookoka karibuni. Baadaye nilijua kwamba alipotoka jela aliacha pombe, akabatizwa, akapata kibarua cha kumwagilia miche huko Kiboko kwa kuwa hakuruhusiwa kuendesha gari. Alikamatwa akiwa na mpira wa maji mkononi. Kulikuwa na waranti ya kumkamata.

Nilisoma hati ya mashtaka. Kuendesha gari akiwa amelewa. Nikaona tarehe. Nikaona namba ya kanta. Nikaona daraja la Athi.

Mambo yalikuwa yametokea hivi. Mwenye punda aliripoti kwenye kituo cha upande wa Makueni siku ileile. Askari wa huko walifungua faili yao, wakaomba nakala ya karatasi ya alkoblo kutoka kule kwenye kizuizi, wakaandika mashtaka ya ulevi. Hawakuuliza kama wenzao wa ng'ambo ya daraja wameshamfikisha mtu mahakamani. Walimwita kwa barua kupitia kwa mwajiri wake. Hakuja, maana alikuwa jela kwa kosa hilohilo. Mahakama ikatoa waranti kwa kutokuja kwake. Safari moja, ulevi mmoja, punda walewale, faili mbili. Katiba yetu inasema mtu aliyekwisha kuhukumiwa kwa jambo hashtakiwi tena kwa jambo hilo. Hata mwanafunzi wa darasa la nane analijua hilo. Mimi nililijua, na zaidi ya hapo nilikuwapo.

Nilimuuliza anataka lugha gani. Alinitazama, nikaona mabega yake yakishuka kama mtu aliyetua mzigo. "Kikamba, mwaitu," akasema, kwa heshima tunayowapa mama zetu.

Nikamsomea mashtaka. Akajibu kwa Kikamba, taratibu, kama anayemwagia mche maji. Alisema: "Ni kweli, lakini kesi hii nilishafungwa kwayo kule Kitui. Huyu mama anajua."

Nikageuka kwa hakimu. Nikasema, "Anasema ni kweli."

Hivyo tu. Maneno yaliyobaki niliyameza.

Mtaniuliza kwa nini, na nimejiuliza miaka mingi kuliko mtakavyoniuliza. Kulikuwa na kiburi cha jana yake: tafsiri tu, basi natafsiri, tena kidogo. Kulikuwa na woga, maana kama ningesema "huyu mama anajua" ningekuwa nimejifanya shahidi, na hakimu angeweka tena kalamu chini. Kulikuwa na haraka, kwa kuwa hakimu alikuwa na safari ya mazishi kwao na ofisi nzima ilijua asichelewe. Na kulikuwa na uongo niliojiambia palepale, ambao ndio unaonichoma zaidi: nilijiambia namsaidia. Nilijiambia nikisema alishafungwa kwa ulevi, hakimu atamwona mlevi sugu na kumpa adhabu kubwa zaidi. Akili ya mtu mwenye hofu haikosi sababu nzuri.

Mwendesha mashtaka akasoma maelezo, punda na daraja na yote. Nilipata nafasi ya pili hapo. Nzioka alisikiliza, akanitazama mimi badala ya hakimu, akasema ni kweli. Alikuwa akisubiri niongeze. Sikuongeza.

Mwendesha mashtaka akasema hana rekodi yoyote ya makosa ya awali, mshtakiwa achukuliwe kama mkosaji wa kwanza. Mkosaji wa kwanza. Nililisikia hilo na nikalitafsiri kikamilifu.

Akaulizwa kama ana la kuomba. Nafasi ya tatu. Alisema, "Nilishakaa ndani kwa hili. Nimetoka. Nimebadilika. Mwaitu, waambie."

Nikasema, "Anaomba mahakama imhurumie."

Ukumbi ulikuwa umejaa Wakamba. Askari wa mahakama, kijana wa Salama, aliangalia viatu vyake. Mwanamke mmoja kwenye benchi la nyuma aligeuza uso. Hakuna aliyesema neno, maana mahakamani watu wa kawaida wanajua kunyamaza, na walidhani aliyesimama mbele anajua anachofanya.

Hakimu alimhurumia. Faini, au miezi mitatu, kwa kuwa ni mkosaji wa kwanza na hakupoteza muda wa mahakama. Nzioka hakupiga kelele. Alishuka kizimbani akiwa bado ananitazama, bila hasira, kama mtu anayesubiri sentensi iishe.

Nilikula chakula cha mchana siku hiyo. Naandika hilo kwa sababu ni kweli.

Wiki mbili baadaye Ndinda alikuja dirishani. Hakunitambua, kwa kuwa nilikuwa nimevaa miwani. Alikuwa amekuja na kaka yake, mtu mrefu aliyesimama mlangoni na kukunja mikono.

"Mwaitu," akasema, "nataka kujua jambo moja tu. Mume wangu anasema kesi hii ni ya zamani. Kanisani wanasema amerudia pombe. Kaka yangu anasema serikali haimfungi mtu mara mbili kwa kosa moja, kwa hivyo lazima amelewa tena. Wewe una faili. Amelewa tena?"

Faili ilikuwa nyuma yangu, hatua tatu. Ningeifungua, ningemwonyesha tarehe kwa kidole. Lakini nikifanya hivyo angeuliza kwa nini basi alifungwa, na nani alikuwa akitafsiri.

"Rekodi inasema alikiri," nikasema.

"Alikiri mwenyewe?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

Alitikisa kichwa polepole. Kaka yake akasema, "Nilikwambia," si kwa ubaya, kama mtu aliyechoka kuwa sahihi. Wakaondoka. Wiki hiyohiyo Ndinda alifunga vitu vyake, akachukua mtoto, akarudi kwa mama yake Salama. Nililijua hilo kutoka kwa askari wa mahakama, ambaye ni wa huko. Alinieleza huku akichambua karanga, na alipomaliza alisema, "Yule jamaa alikuwa amesema lakini." Akaniachia karanga mezani, akaenda zake.

Sikuweza kuendelea kukaa. Jumatatu niliingia kwa hakimu na faili mkononi. Nilimwambia kwamba mke wa mfungwa ameleta malalamiko, kwamba inaonekana mtu huyu alihukumiwa Kitui kwa kosa hilihili, na kwamba nilikuwa karani huko na naikumbuka kesi. Yote hayo ni ya kweli, isipokuwa Ndinda hakuwa ameleta malalamiko yoyote. Hakimu aliweka kalamu chini, lakini safari hii uso wake ulibadilika rangi. Aliagiza faili ya Kitui iletwe. Akazilaza mbili hizo bega kwa bega. Karatasi ya alkoblo ilikuwa moja, asili na nakala.

"Kwa nini hakusema?" akauliza.

Nilikuwa nimesimama pale pale ambapo Mzee Munyoki angeniambia nifumbue macho.

"Watu wetu wanaogopa mahakama," nikajibu.

Faili zilipelekwa Mahakama Kuu ili zipitiwe. Jaji alifuta hukumu ya pili na kuamuru Nzioka aachiliwe. Barua ilipofika jela, alikuwa amebakiza siku kumi na moja. Mtu akishatumikia kifungo, hakuna amri inayomrudishia siku.

Kosa liliandikwa kuwa la vituo viwili vya polisi kutowasiliana. Kwenye mkutano wa wafanyakazi hakimu alinitaja kwa jina. Alisema Kavutha ni mfano wa karani anayekumbuka, anayefuatilia, anayejali wananchi. Mlipiga makofi, baadhi yenu mlikuwepo. Barua ya pongezi iko kwenye faili yangu ya utumishi. Ndiyo sababu sikuweza kuwaandikia mawaidha tu, maana mngeyasoma mkidhani yametoka kwa mtu yule mliyempigia makofi.

Nilidhani amri ya jaji imemaliza yote. Haikumaliza. Nzioka aliibeba karatasi ile mpaka Salama kwa wakwe zake. Imeandikwa Kiingereza cha sheria, inataja namba za kesi, haitaji siku wala punda. Kaka yake Ndinda aliisoma akasema ameachiliwa kwa kosa la karatasi, wala si kwamba hakulewa. Kanisani nako walimpa mkono, wakampongeza kwa kuwa na wakili mzuri, na hawakumpa tena zamu ya kuongoza maombi. Hakuwa hata na wakili.

Nilistaafu mwaka huu. Nilipomaliza kurudisha funguo na stempu, nilikaa siku nne nyumbani, siku ya tano nikaenda Matinyani. Nilimkuta Nzioka nyuma ya nyumba, saa nne asubuhi, akifunga vikonyo vya embe, vijiti vya kupandikiza, kwenye miche kwa vipande vya nailoni. Ana kitalu chake sasa, kidogo, kimezungushiwa miiba. Alinitambua kabla sijamsalimu. Alinawa mikono, akaniletea kiti, akabaki amesimama.

Nilikuwa nimejitayarisha kuzunguka. Sikuzunguka. Nilimwambia: "Siku ile ulisema ni kweli, lakini ulishafungwa. Mimi nilimwambia hakimu ni kweli, nikaacha mengine. Nilifanya hivyo nikijua. Hata uliponiambia niwaambie, sikuwaambia. Jaji alidhani ni polisi tu. Hakuna anayejua kwamba ni mimi."

"Mimi najua," akasema.

"Ulijuaje?"

"Mwaitu, mimi nimekuwa dereva miaka tisa. Nimefika Busia, nimefika Mombasa. Ningewezaje kutojua Kiswahili? Nilikusikia."

Ilikuwa kweli, na haikuwa imeniingia akilini hata siku moja. Dereva asiyejua Kiswahili yuko wapi? Alikuwa amesikia kila neno.

"Basi kwa nini ulichagua Kikamba?"

"Kwa sababu ni wewe ulikuwa umesimama pale. Nilipokuona niliona nimepona. Nikasema, huyu anajua, atalisema vizuri kuliko mimi."

"Na nilipoacha? Kwa nini hukusema mwenyewe?"

Aliangalia miche yake. "Nilifikiri unajua sheria. Nilifikiri umeliacha kwa sababu, na mwisho utalisema mahali panapofaa. Mpaka wananiingiza kwenye gari la jela nilikuwa nangoja."

Nimetafsiri vilio vya watu maisha yangu yote, na pale sikupata neno kwa lugha yoyote. Aliniacha nikae hivyo. Hakunifariji, na nilimshukuru kwa hilo. Aliendelea kufunga vikonyo viwili, vitatu, kisha akasema bila kugeuka:

"Mimi sikuombi kitu. Lakini Ndinda yuko Salama. Nimemweleza mpaka nimechoka. Maneno yangu ni ya mlevi. Lako lilikuwa la serikali, na ndilo aliloliamini."

Nilifika Salama siku ya pili yake. Ndinda anauza vitunguu kando ya barabara kuu, kwenye safu ndefu ya wauzaji, malori yakipita kwa vumbi na honi. Nilimpata kwa kuuliza. Alikuwa amenenepa kidogo, amefunga aproni ya buluu, mtoto ameshaanza shule. Nilimwambia jina langu na kazi niliyoifanya. Kisha nikamwambia yote, nikianzia Kitui, karatasi niliyomwandikia ya siku za kutembelea jela, mpaka ile Ijumaa, mpaka dirishani. Nilimpa tarehe. Nilimwambia: ni siku ileile ya punda. Hakulewa tena. Tangu atoke mara ya kwanza hakuna rekodi yoyote ya yeye kulewa.

Aliendelea kufunga vitunguu kwenye nyavu mpaka nikamaliza. Halafu akauliza jambo moja.

"Siku nilipokuja kwako nikakuuliza kama amelewa tena. Ulikuwa unajua jibu?"

"Nilikuwa najua."

"Na faili ilikuwa wapi?"

"Nyuma yangu."

Alisimama. Nilidhani atanifukuza, na nilikuwa tayari kwa hilo. Alivua aproni, akanitupia mikononi, akachukua simu kutoka kwenye mkebe. "Nikalie hapa," akasema, akaenda nyuma ya vibanda.

Nikakaa. Mimi, karani mstaafu, nikauza vitunguu Salama bila kujua bei. Wateja waliniambia bei nami nikawaamini. Mama wa kibanda cha pili alinitazama kwa mashaka, akauliza mimi ni nani. Nikamwambia mimi si mtu wa hapa. Jua lilipanda mpaka katikati. Nilimsikia Ndinda mara moja tu, sauti imepanda.

Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Hakunishukuru, wala hakunilaumu. Hakunitazama kabisa. Alianza kukusanya nyavu za vitunguu, ingawa ulikuwa mchana na malori ndiyo kwanza yanakuja kwa wingi.

"Unafunga mapema," jirani yake akamwambia.

"Nimemuuliza mume wangu kama yuko nyumbani," Ndinda akamjibu. "Amesema yuko."

Akatandaza gunia chini. Lilikuwa likijifunga kila akitia vitunguu, na mkono mmoja haukumtosha. Nikapiga magoti, nikashika mdomo wa gunia kwa mikono miwili, naye akajaza.